Ua la kando ya ukuta: tulitazame, tusilinywe



Mwaka jana mama mmoja wa kundi letu alirudi kutoka Kisangani na pakiti ya mbegu. Juu yake palikuwa picha ya maua ya manjano mbele ya ukuta wa mawe, na jina: giroflée. Tulipanda kwa furaha. Majani yaliota, tukangoja. Ua hata moja hatukuona, kisha mvua ikaozesha mizizi.

Sababu ni hii: giroflée ni ndugu ya shu, na ni ua la Ulaya. Linahitaji majuma ya baridi ndipo lifungue maua. Sisi wa Ubundu, karibu kabisa na ikweta, baridi hiyo tutaitoa wapi?

Lakini ukuta hautabaki uchi. Tunayo pervenche, lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano. Asili yake ni Madagaska. Linapenda joto, udongo maskini haulisumbui, na mbuzi kwa kawaida hupita bila kuligusa. Adui yake ni maji yanayotuama. Kwa hiyo lipande karibu na ukuta, ndani ya paa, si pale matone yanapoangukia. Inua udongo kidogo, changanya na mchanga. Mbegu zake nyeusi zifunike vizuri, maana huota gizani. Mche ukifika urefu wa kiganja, kata ncha yake utoe matawi.

Sasa neno lililonifanya nichukue kalamu. Kuna wamama wanaochemsha majani yake na kunywa kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Desturi hiyo iko hata Jamaika, na ndiyo iliyowafanya wataalamu wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, kuyachunguza majani hayo miaka ya 1950. Panya walionyweshwa maji yake, sukari haikushuka. Waliodungwa sindano walipungukiwa na chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda na magonjwa, wakafa. Kutoka hapo ikapatikana vinblastine, dawa ya kansa, na baadaye vincristine, inayotibu kansa ya damu ya watoto.

Basi mtu ataniambia: “Mwalimu, si umesema ni dawa?” Ndiyo, mama, dawa inayopimwa kwa miligramu, inayotiwa mshipani na daktari huku akiangalia damu ya mgonjwa. Sufuria yetu haina kipimo hicho. Kwa mwenye mimba hatari ni mara mbili.

Mwenye sukari aende apimwe. Aliyekwisha kunywa amwambie muuguzi bila haya. Mtoto akitafuna majani, mpeleke kituo cha afya pamoja na tawi lenyewe, waone alichokula.

Mbegu za maua meupe ninazo nyingi. Anayetaka alete karatasi ya kufungia siku ya mkutano.