Mshipi wa Kuvulia Hapa Juba

Wenzangu wanaovua ili wapate ada huniuliza kama inafaa kununua mshipi wa flurokaboni, ule wa bei kali. Sifa yake kubwa ni kupitisha nuru karibu sawa na maji, basi samaki si rahisi kuuona. Huko Kanada, watu watoboapo barafu na kuvua katika maji maangavu, sifa hiyo ni mali. Lakini Nili yetu wakati wa mvua ni tope tupu. Hata kamba ya katani haionekani! Adui wetu ni magogo yaliyozama na makali ya shavu la sangara. Mimi hutumia nailoni nene. Flurokaboni hainywi maji wala haikwaruziki upesi, kwa hiyo nafunga pima moja tu karibu na ndoana. Fundo lilowesheni mate kabla ya kulikaza.