Je, Mama Huyu Alimwua Bintiye?

Alfajiri ya tarehe 26 Desemba 1996, siku moja baada ya Krismasi, mama mmoja wa mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani, aliteremka ngazi za nyuma za nyumba yake akakuta karatasi tatu zimetandazwa. Ziliandikwa kwamba bintiye wa miaka 6 ametekwa nyara na kwamba fidia ni dola 118,000. Saa 12 kasoro dakika 8 aliwapigia polisi simu huku akihema.

Mtoto huyo ni JonBenét Ramsey. Yapata saa 7 mchana baba yake, John, alimkuta amekufa katika chumba kidogo cha chini ya ardhi, ndani ya nyumba ile ile. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Hata hivyo, ukiwauliza watu waliofuata habari hizi, wengi watakujibu pasipo kusita: ni mama yake, Patsy.

Mimi ni muuguzi, si mpelelezi. Lakini mengi yanayotajwa kuwa ushahidi juu ya mama huyu yanahusu mwili wa mtoto na huzuni ya mzazi, na hayo mawili wauguzi tunakutana nayo kila siku. Hebu tuyapime.

Nyumba iliyojaa watu

Polisi walidhani mtoto ametekwa, kwa hiyo chumba alicholala ndicho peke yake kilichofungwa. Wazazi waliita marafiki, mchungaji naye akaja, na wengine wakaanza hata kupangusa jikoni. Siwalaumu. Hata kwetu, jirani akifiwa, jambo la kwanza ni kuingia jikoni kwake na kuosha vyombo. Mchana alibaki mpelelezi mmoja tu, naye akamwambia John na rafiki yake waikague nyumba. Baba alipomwona mwanawe alimbandua utepe mdomoni, akambeba mpaka juu, akamlaza sakafuni. Mzazi gani angefanya vingine? Lakini kila hatua ilifuta au kuhamisha alama fulani. Ndiyo maana nasita ninapoambiwa kwamba nyuzi zinazofanana na za koti la Patsy zilikutwa kwenye utepe ule. Nyuzi za nguo ya mama kukutwa kwa mtoto wake, katika nyumba wanamoishi pamoja, zinathibitisha nini?

Vipande vya nanasi

Uchunguzi wa maiti ulikuta mabaki ya nanasi katika utumbo mwembamba. Mezani palikuwa na bakuli la nanasi lenye alama za vidole vya Patsy na vya kaka wa marehemu, aliyekuwa na miaka 9. Wazazi walisema binti yao alisinzia garini usiku ule, akabebwa moja kwa moja hadi kitandani. Basi watu wakasema: wamedanganya.

Swali hili ni la kweli, na wazazi hawakuweza kulieleza. Lakini wako waliokwenda mbali zaidi, wakahesabu kwa nanasi hilo saa aliyokufa mtoto. Hapo nakataa. Mtoto anapotayarishwa kwa upasuaji tunamkataza chakula kwa saa nyingi, kwa sababu hakuna awezaye kuapa tumbo lake litakuwa tupu saa ngapi. Hofu huchelewesha, maumivu huchelewesha. Nanasi linasema kwamba mtoto alikula. Halisemi nani alimpa, wala kama aliamka akajichukulia mwenyewe.

Shuka lililolowa

Steve Thomas, mpelelezi aliyejiuzulu mwaka 1998, alitoa kitabu mwaka 2000. Kwa maoni yake, Patsy alikasirishwa na mtoto kukojoa kitandani, akamwumiza kichwani, kisha akabuni utekaji ili kuficha. Familia ilimshtaki, na kesi ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2002.

Akina mama, ni nani kati yetu hajafua shuka la mtoto wa miaka 6? Sisemi hasira ya mama haiwezi kudhuru. Wauguzi tumewapokea watoto waliochomwa kwa maji ya moto nyumbani kwao. Lakini tazama kilichoonekana hapa: fuvu lilipasuka kwa urefu unaozidi sentimita 20, na kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha brashi ya kuchorea ilikazwa shingoni. Palikuwa pia na dalili za jeraha sehemu za siri. Madaktari wamebishana hata juu ya kipi kilitangulia, pigo au kamba, kwani damu iliyovuja ndani ya fuvu ilikuwa kidogo. Kutoka shuka lililolowa hadi hapo ni mbali mno, na daktari aliyemtibu mtoto huyo kwa miaka kadhaa alisema hakuona dalili za kudhulumiwa.

Nadharia ya mgeni aliyeingia usiku nayo ina matobo. Lou Smit, mpelelezi mstaafu mwenye sifa kubwa, alionyesha dirisha la chini lililovunjika na sanduku lililosimama chini yake. Lakini John alikiri kwamba dirisha alilivunja mwenyewe miezi kadhaa nyuma, alipojifungia nje. Tena barua iliandikwa kwa kalamu na karatasi za nyumba hiyo, na fedha iliyotajwa ilikaribia bonasi ya John ya mwaka ule. Mwizi gani huketi akaandika karibu kurasa tatu? Wataalamu wa miandiko walimwondoa John. Patsy hawakuweza kumwondoa, wala hawakuweza kusema ndiye.

Uso wa mfiwa

Kwa wengi, kilichomhukumu Patsy ni televisheni: alivyolia, alivyovaa, na picha za mtoto katika mashindano ya urembo. Mimi pia sipendi rangi ya midomo kwa mtoto wa miaka 6. Lakini wodini nimeona mama akijitupa chini kwa kilio, na mwingine akiomba tu shuka la marehemu likunjwe vizuri. Sikuweza kusema ni yupi aliyempenda mwanawe zaidi.

Mwaka 1999 raia walioitwa na mahakama kupima ushahidi walipiga kura wazazi washtakiwe kwa kumweka mtoto hatarini, bila kutaja nani aliua. Mwendesha mashtaka, Alex Hunter, alikataa kutia sahihi, na hati hizo zikafunuliwa mwaka 2013 tu.

Nguo za ndani za mtoto zilikuwa na vinasaba, yaani DNA, vya mwanamume asiyejulikana. Julai 2008, baada ya vipimo vipya kwenye suruali yake ya kulalia, mwendesha mashtaka Mary Lacy alimwandikia John barua ya kuiomba familia radhi. Patsy hakuisoma. Alikwisha kufa kwa saratani ya ovari tarehe 24 Juni 2006, akiwa na miaka 49, akazikwa kando ya bintiye. Baadaye wataalamu wengine walisema huenda vinasaba hivyo ni mchanganyiko wa watu kadhaa. Hata hivyo ndivyo vilivyomwondoa John Mark Karr, aliyekiri mauaji hayo akiwa Thailand mwaka 2006.

John sasa amepita miaka 80. Bado anawaomba polisi wa Boulder vitu vilivyokusanywa siku ile vipelekwe kupimwa upya kwa mbinu za sasa.