Kasi ya Hewani Siyo Kasi ya Upepo

Miongoni mwa matini za kiufundi zinazotaka uangalifu wa mfasiri ni maelezo ya mafundi wanaojiundia ndege ndogo. Humo hutajwa kifaa kinachofungwa bawani ili rubani aijue kasi yake. Mfasiri asiyekielewa huenda akaandika "kasi ya upepo", na neno hilo moja laweza kumpoteza rubani. Yafaa basi tueleze kwanza kifaa chenyewe, ndipo tuzitazame istilahi zake.

Asili ya kifaa hiki si angani bali mtoni. Mwaka 1732 mhandisi Mfaransa, Henri Pitot, alipima mwendo wa maji ya mto Seine kwa mrija wa kioo uliopindwa. Msomaji wa Mwanza aufikirie Mto Mirongo, upitao mjini na kuingia Ziwa Viktoria. Mrija wa namna hiyo ukitumbukizwa, mdomo wake ukielekea maji yatokako, maji hupanda ndani yake kupita usawa wa mto. Mto ukienda mita 1 kwa sekunde, hupanda sentimita 5 hivi. Ukienda mita 2, sentimita 20. Yaani kasi ikiwa maradufu, msukumo huwa mara nne.

Angani, hewa hushika nafasi ya maji. Mrija wa Pitot hupokea kanieneo ya hewa inayoukabili. Matundu ya pembeni hupokea kanieneo tulivu. Tofauti ya hizo mbili ndiyo huonyesha kasi.

Kwa hiyo mahali pa kuufunga si jambo la kubahatisha. Aghalabu hufungwa chini ya bawa, mdomo ukitangulia ukingo wa mbele, mbali na hewa inayovurugwa na rafadha. Lazima uelekee sawasawa na mkondo wa hewa, na mipira yake isivuje. Ndege ikiegeshwa, mdomo hufunikwa; na kifuniko hicho sharti kiondolewe kabla ya kuruka.

Sasa tuje kwenye istilahi. Mchana, upepo wa Mwanza hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Ndege ikiukabili upepo wa kilomita 30 kwa saa, huku mrija ukionyesha 100, chini yake ardhi hupita kwa 70. Ikigeuka na kusukumwa na upepo uo huo, ardhi hupita kwa 130. Hata hivyo bawa hubebwa na ile 100 tu. Ikipungua mno, ndege huporomoka, hata kama ardhi yaonekana kukimbia. Hapa pana dhana tatu, nazo zinahitaji majina matatu. Tunapendekeza "kasi ya hewani" kwa ile 100, "kasi ya ardhini" kwa 70 na 130, na "kasi ya upepo" ibaki kwa 30 pekee.

Vilevile tusichanganye kifaa cha bawani na saa iliyo mbele ya rubani. Cha bawani kiitwe "mrija wa Pitot". Saa iitwe "kipimakasi", kwa mfano wa kipimajoto, neno lililokwisha kuzoeleka.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika tarehe 6 Februari 1996, ndege ya abiria ya Birgenair ilipoanguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189. Wachunguzi walihitimisha kuwa mrija mmoja uliziba, yamkini kwa udongo au taka za mdudu mdogo. Kipimakasi cha rubani mkuu kilionyesha kasi kubwa, kumbe ndege ilikuwa ikipungua mwendo.

Kama mrija ulioziba ulivyowapotosha marubani wale, ndivyo istilahi isiyo sahihi inavyoweza kumpotosha fundi anayesoma kitabu chetu. Hatuna budi, kabla ya kulipa jambo jina, kuuliza linapima nini, na dhidi ya nini.