Joto, Baridi na Taa za Gari

Sisi tukaao juu ya uwanda wa Ufipa, huku Kate na kule Sumbawanga, twaijua baridi ya Juni na Julai. Msafiri apandaye gari alfajiri humwomba dereva afungulie hewa ya moto, na wengi wadhani hewa hiyo hula mafuta. Sivyo. Injini hugeuza robo tu ya nguvu ya mafuta, au theluthi, kuwa mwendo. Iliyosalia ni moto utupwao kwa bomba la moshi na rejeta. Maji ya moto ya injini hupitishwa karibu na abiria, feni ikavuma, naye akaota moto ambao ungalitupwa. Gari la umeme, lisilo na moto wa kutupa, hulipa hata joto hilo kwa betri yake.

Lakini tukitelemka kuelekea Ziwa Tanganyika, twataka ubaridi, na ubaridi haupatikani bure. Kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na injini kwa mkanda, na mafuta hupungua upesi. Magari ya Packard ya Marekani, yaliyotiwa mtambo huo tangu 1939, yalimlazimu dereva asimame na kuuvua mkanda alipotaka kuuzima. Penye mwendo wa polepole dirisha latosha, ingawa vumbi letu halina adabu.

Taa na redio hulishwa na alteneta, nayo huzungushwa na injini hiyo hiyo. Injini ikizimwa, mzigo wote huiangukia betri. Na tupige hesabu: betri ya volti 12, ampea-saa 60, ina wati-saa 720. Taa mbili kubwa za wati 55 zaimaliza kwa saa sita na nusu hivi, nayo hushindwa kuwasha injini mapema kuliko hapo. Redio ndogo hula kidogo. Vipaza sauti vikubwa vyaweza kula kama taa. Tena baridi ya usiku huidhoofisha betri na kuyafanya mazito mafuta ya kulainishia injini. Basi gari lililopiga muziki uwanjani jioni nzima, likitakiwa usiku wa manane kumpeleka mama mwenye uchungu hospitali, huenda lisiwake.

Ndiyo sababu madereva wa milimani hupenda kuegesha mteremkoni: gari likigoma, huachiwa lishuke, kisha gia ikatiwa. Gari la otomatiki halikubali dawa hiyo.