Damu ya Kichanga Husomwa Mara Mbili

Mtoto njiti mwenye uzito wa kilo moja ana damu ya mililita 90 hivi mwilini mwote, kiasi kisichofika nusu ya kikombe cha chai. Kila sindano ya maabara inakula katika akiba hiyo. Ndiyo maana daktari wa wodi ya watoto wachanga hapaswi kuagiza vipimo kwa mazoea. Kabla mshipa haujachomwa, ajue jibu litakaporudi litambadilishia uamuzi gani.

Na uamuzi wenyewe ni mzito, hasa sepsisi inaposhukiwa. Sepsisi ni hali ambayo mwili, katika kupambana na maambukizi, huishia kudhuru viungo vyake wenyewe. Kwa watoto walio katika siku 28 za kwanza za maisha, ni miongoni mwa sababu kuu za vifo, sambamba na kuzaliwa kabla ya wakati na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mwaka 2022 pekee, watoto wachanga milioni 2.3 walifariki duniani kwa sababu mbalimbali. Kichanga hasemi panapomuuma. Ananyonya kidogo, analegea, na mara nyingine anapoa badala ya kuchemka. Dalili hizo hizo huletwa na sukari iliyoshuka, na baridi ya chumba, na hata unjiti wenyewe.

Kwa hiyo wataalamu wamekuwa wakitafuta ndani ya damu majibu ya maswali mawili. Je, huyu ana sepsisi kweli? Na kama anayo, atapona? Maswali haya huchanganywa mno, hata na watu wa fani. Kipimo kinachojibu la kwanza vizuri kinaweza kuwa bubu kabisa kwa la pili.

Kipimo kinachoheshimika kuliko vyote ni kuotesha vimelea: damu ya mtoto, angalau mililita moja, inatiwa kwenye chupa maalumu na kusubiriwa kama bakteria watakua. Kasoro yake ni kusubiri, kwa sababu majibu huchukua siku moja, mbili au zaidi. Tena mara nyingi chupa hairudishi kitu ingawa mtoto anaonekana mgonjwa, ama kwa kuwa damu ilikuwa kidogo, ama kwa kuwa alishapewa antibiotiki kabla. Hata hivyo, chupa ikiota, hueleza mengi kuhusu mwisho wa ugonjwa. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia watoto waliolazwa, kuanzia wachanga hadi wa miaka saba. Kati ya waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram hasi kwenye damu, kundi la akina Klebsiella na E. coli, asilimia 43.5 walifariki. Waliolazwa kwa malaria walifariki asilimia 20.2. Usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulijitokeza wazi kama kiashiria cha kifo. Kwa maneno mengine, jina la mdudu na orodha ya dawa zinazomshinda ni utabiri tosha, ila utabiri huo hufika umechelewa.

Pengo hilo la saa za kusubiri ndilo viashiria vya damu vinajaribu kuliziba.

Mkongwe wao ni CRP. Protini hii iligunduliwa mwaka 1930 katika Taasisi ya Rockefeller, New York, na William Tillett na Thomas Francis, waliokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Ini ndilo linaloitengeneza, baada ya kupokea taarifa kutoka kwa chembe za kinga kwamba kuna vita. Taarifa kufika na ini kuitikia huchukua muda: CRP huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 12, na kilele chake huja baada ya siku moja au mbili. Mtoto aliyeanza kuugua alfajiri anaweza kupimwa asubuhi hiyo hiyo na CRP yake ikaonekana safi kabisa. Kinyume chake pia hutokea, kwani uchungu wa muda mrefu wa mama au mtoto kuvuta kinyesi chake mapafuni wakati wa kuzaliwa huweza kuipandisha bila bakteria yeyote.

Uchambuzi wa mwaka 2020 ulijumlisha tafiti 22 zenye watoto 2,255 walioshukiwa kupata maambukizi siku kadhaa baada ya kuzaliwa. Kipimo kimoja cha CRP kilipochukuliwa mwanzoni kiliwatambua asilimia 62 tu ya waliokuwa wagonjwa, na kikawaondolea shaka asilimia 74 ya wasio wagonjwa. Wachukuliwe watoto 1,000 ambao 200 kati yao wana maambukizi kweli. Kwa viwango hivyo, wagonjwa 76 watapita bila kuonekana, na wengine 208 wasio na kitu watawekewa dawa. Hapo hata swali la kwanza halijajibiwa vizuri, sembuse la pili.

CRP hupata thamani yake inaporudiwa. Mwongozo wa Uingereza unaelekeza ipimwe dawa zinapoanza, kisha tena baada ya saa 18 hadi 24. Ikibaki chini mara zote mbili, mtoto akawa anaendelea vizuri na chupa isiote kitu, daktari anaweza kufikiria kusimamisha antibiotiki kwenye saa ya 36. Kwa hiyo utabiri wa CRP una manufaa kwa upande mmoja hasa: unasaidia kumtambua asiyehitaji dawa zaidi. Si jambo dogo katika wodi ambayo kila dozi isiyo ya lazima inawalea bakteria sugu.

Prokalsitonini ilikuja baadaye, baada ya watafiti wa Ufaransa kuonyesha mwaka 1993 kwamba hupanda sana kwa wagonjwa wenye maambukizi makali ya bakteria. Inaamka mapema kuliko CRP, ndani ya saa chache. Tatizo ni kwamba katika siku mbili za kwanza hupanda yenyewe hata kwa kichanga mzima, hivyo namba isiyosomwa pamoja na umri wa mtoto kwa saa ni kelele tupu. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2017, katika hospitali 18 za Uholanzi, Uswisi, Kanada na Jamhuri ya Cheki, liliwahusisha watoto 1,710. Waliofuatiliwa kwa prokalsitonini walitumia antibiotiki kwa wastani wa saa 55, wenzao saa 65. Saa kumi hizo ni faida halisi, lakini vifo na marudio ya maambukizi vilikuwa nadra mno kiasi kwamba usalama wa kukatisha dawa haukuweza kuthibitishwa kikamilifu. Na kwa hospitali ya wilaya inayokosa hata chupa za kuoteshea, kipimo hiki bado ni anasa.

Kinachojibu swali la pili kwa unyofu zaidi hakina umaarufu wowote: chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Hesabu yake imo ndani ya kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu. Sepsisi inapokolea, vishipa vidogo hujaa vijidonge vya damu vinavyomaliza chembe hizo, na uboho nao hulemewa kutengeneza nyingine. Katika nSOFA, alama za kupima ukali wa kushindwa kwa viungo kwa watoto wachanga zinazoanzia 0 hadi 15, chembe sahani ndizo kiashiria pekee cha maabara. Alama nyingine zinatokana hasa na upumuaji na dawa za kusukuma moyo. Chini ya chembe sahani elfu 150 kwa mikrolita ya damu, mtoto huanza kuhesabiwa alama. Chini ya elfu 50, anapewa tatu. Tahadhari moja: mama aliyekuwa na shinikizo la damu la ujauzito anaweza kuzaa mtoto mwenye chembe sahani chache bila sepsisi. Kwa hiyo hapa pia mwelekeo ndio wa kutazama. Zilizokuwa elfu 210 jana na leo ni elfu 90 zinasema jambo ambalo elfu 90 peke yake haiwezi kulisema.

Kisha kuna NeoOBS. Utafiti huu wa 2018 hadi 2020 ulifanyika katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa watoto 3,204 wa chini ya siku 60 walioshukiwa kuwa na sepsisi. Zaidi ya mmoja kati ya kila kumi alifariki ndani ya siku 28. Watafiti walitengeneza alama za kutabiri kifo kwa mambo kumi, na yote kumi hupatikana kitandani: uzito wa kuzaliwa, umri wa mimba, muda aliokaa hospitali, kasoro za kuzaliwa nazo, msaada wa kupumua, joto la mwili, tumbo kujaa, kulegea, ugumu wa kunyonya na dalili za mshtuko wa mzunguko wa damu. Waliopata alama za chini walifariki chini ya 2 kati ya 100. Wa katikati 11. Wa juu 27. Hakuna hata tone la damu katika hesabu hiyo.

Hospitali yenye fedha ya kununua kitu kimoja, basi, isianze na mashine mpya ya kiashiria kipya. Inunue chupa za kuotesha vimelea zisizokatika, na ihakikishe picha ya damu na CRP vinarudiwa kesho yake.

Mzazi naye asianzie maabara ya mtaani, kwa sababu CRP nzuri ya saa za mwanzo inaweza kumfariji bure. Mtoto wa chini ya miezi miwili akikataa kunyonya, akilegea, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea anapovuta hewa, au mwili ukifika nyuzi 38 ama kushuka chini ya 35.5, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.