TUUNGANISHE MTUNGI WA GESI KWA USALAMA

Siku hizi wanavijiji wengi wanapikia gesi. Gesi haina moshi na huivisha haraka. Lakini ikivuja, huweza kuteketeza nyumba na watu.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujikusanya chini, sakafuni. Cheche moja inatosha kuilipua.

Kabla ya kuunganisha mtungi, zima moto wote, hata kibatari na sigara. Fungua mlango na madirisha. Simamisha mtungi, usiulaze. Hakikisha jiko limefungwa. Kaza regulata barabara. Paka povu la sabuni kwenye maungio, kisha fungua gesi. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Ifunge mara moja. Usipime kwa kiberiti!

Unapotaka kuondoa mtungi, funga gesi kwanza kwenye mtungi huku jiko linawaka. Gesi iliyobaki ndani ya mpira itaungua, na moto utazimika wenyewe. Sasa funga jiko, ngoja lipoe, ndipo uondoe regulata.

Ukisikia harufu ya gesi usiku, usiwashe taa. Funga mtungi, amsha watoto, tokeni wote nje.

Ndugu msomaji, mfundishe na jirani yako.