Mtoto akiungua, maji kwanza



Sifa zote njema ni za Allah (s.w), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w). Ndugu msomaji, leo ukurasa wetu unaingia jikoni na sebuleni, mahali ambapo watoto wetu wadogo hupatia majeraha mengi kuliko barabarani, kwa sababu humo ndimo wanamoshinda.

Nianze na tukio moja. Ilikuwa jioni ya Ramadhani hapa Songea, dakika chache kabla ya adhana ya Magharibi. Mama ameshatenga futari mezani. Baba yuko uani anatawadha. Mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu, ndiyo kwanza miguu imepata nguvu, akashika pindo la kitambaa cha meza akavuta. Bakuli la uji likammwagikia mkono mzima.

Mama alipiga ukelele. Baba akaweka kopo la maji chini, akakimbilia ndani kutafuta dawa ya meno. Jirani akaja na yai bichi. Mwingine akashauri majivu. Walipomfikisha kwangu, zaidi ya nusu saa ilikuwa imepita na mkono ulikuwa mweupe kwa dawa ya meno. Ilibidi kwanza niioshe, mtoto analia, mama analia, na baba anarudia neno moja tu: "Ni Qadar ya Allah."

Mtoto yule alipona, Alhamdulillah. Lakini kwenye kiwiko amebaki na kovu linalovuta ngozi, mkono haunyooki sawasawa. Kila nikimkumbuka, naliwaza lile kopo. Dawa aliyoihitaji mtoto ilikuwa mkononi mwa baba yake, naye akaiweka chini kwenda kutafuta nyingine.

QADAR SIYO UZEMBE

Kuamini Qadar ni nguzo ya imani yetu, na hakuna Muislamu anayebishana na hilo. Lakini katika hadithi iliyopokelewa na Anas bin Malik (r.a), iliyomo katika Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Allah, au amfunge kisha ategemee. Akaelekezwa amfunge, kisha ategemee. Kutegemea kunakuja baada ya kufunga kamba.

Tena mafundisho ya usalama wa nyumba hayakuanza na sisi matabibu. Katika hadithi za Bukhari na Muslim tunafundishwa kufunika vyombo, kufunga milango na kuzima taa na moto tunapolala. Mtume (s.a.w) alipoelezwa habari ya nyumba ya Madina iliyoungua usiku na watu wake, aliwafahamisha Masahaba kwamba moto ni adui, basi wauzime wanapolala. Mwenye kufuata hayo yuko katika Sunna, na papo hapo analinda watoto wake.

AKIUNGUA

Hatua ya kwanza ni maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu. Mwondoe kwenye moto, mvue nguo iliyolowa uji au chai isipokuwa ile iliyogandana na ngozi, mvue na bangili, kisha mwagia maji mahali palipoungua kwa dakika 20. Asiye na bomba atumie ndoo na kopo, amwage taratibu. Dakika 20 ni nyingi mtoto anapolia, lakini usikatishe. Moto unaendelea kupika nyama iliyo chini ya ngozi hata baada ya uji kufutwa, na maji ndiyo yanayoutoa. Kama mmechelewa, mwagieni tu, kwani maji yana faida hadi muda wa saa tatu tangu aungue. Na kwa baridi ya Songea, hasa Juni na Julai, funika mwili wake uliobaki kwa khanga au blanketi ili asipoe kupita kiasi.

Dawa ya meno, yai, majivu, chumvi na mafuta ya kupikia viacheni. Havitoi moto, vinaleta uchafu kwenye kidonda na vinatuzuia kuona kimo cha jeraha. Wapo wanaouliza kuhusu asali. Asali ni shifaa, Qur'ani imetufundisha hivyo katika Sura An-Nahl, na kuna vidonda ambavyo hutibiwa kwayo. Lakini moto ukiwa bado umo ndani ya nyama, kinachotangulia ni maji. Malengelenge usiyapasue. Ukimaliza kumwagia maji, funika kwa kitambaa safi, na umpe paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake.

Mpeleke kituo cha afya au hospitali kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, au liko usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, au kama ngozi imekuwa nyeupe ama nyeusi na haimuumi. Mtoto mwenye umri chini ya mwaka mmoja apelekwe hata kama jeraha ni dogo.

Na ukitaka kusoma dua, soma. Soma huku mkono ukimwaga maji.

AKINYWA MAFUTA YA TAA AU SUMU

Mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto ataona soda. Hana kosa. Akinywa, wengi wetu humtapisha kwa kidole au humpa maziwa mengi. Usimtapishe. Hatari kubwa ya mafuta ya taa iko kwenye mapafu. Yakiingia tumboni madhara mara nyingi huwa madogo, lakini akitapika, yanapopanda yanaweza kuteremkia kwenye njia ya hewa na kuunguza mapafu. Maziwa hayaondoi sumu ile, na yakiwa mengi yanamtapisha.

Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mchukue pamoja na chupa yenyewe muende hospitali, hata kama anacheza. Kikohozi na kuhema haraka vinaweza kuchelewa. Ndiyo maana tunamweka chini ya uangalizi kwa muda usiopungua saa 6. Kanuni ya kutomtapisha ni hiyo hiyo kwa dawa za kufulia zenye klorini, tindikali na magadi makali, kwani vikipanda vinaunguza koo mara ya pili.

Sisi wa Ruvuma ni wakulima wa mahindi, na nyumba nyingi zina dawa za kuhifadhia nafaka. Dawa ya unga isikae kwenye kopo la maziwa wala kando ya unga wa sembe. Vile vidonge vya kufukizia ghala, vyenye alumini fosfaidi, ni hatari zaidi. Vikipata unyevu vinatoa gesi ya sumu, na hadi leo hakuna dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Magunia yaliyowekwa vidonge hivyo yasilale chumba kimoja na watu, seuze na mtoto mchanga.

Wakati huo huo wa baridi, tusilale na jiko la mkaa chumbani huku tumefunga madirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Familia inaweza kulala isiamke.

AKIANGUKA, AKIJIZIBA, AKIKABWA

Mtoto akianguka akalia mara moja, kisha akatulia na kunyonya au kucheza kama kawaida, mwangalie kwa siku nzima. Mwahishe hospitali kama alizimia, anatapika tena na tena, anasinzia na haamshiki vizuri, amepata degedege, mboni za macho hazilingani, au damu ama majimaji yanatoka puani au masikioni.

Punje ya mahindi au haragwe likiingia puani, usichokonoe kwa kijiti cha kiberiti, utalisukuma ndani. Wala usimtie maji puani, maana punje itavimba. Mlete kwetu. Akimeza betri ndogo ya duara, kama ile ya saa au ya mwanasesere, usingoje choo. Inaweza kuanza kutoboa koo ndani ya muda wa saa mbili tu.

Kitu kikimkwama kooni na anaweza kukohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kulia wala kukohoa, mwenye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kama hakijatoka, mgeuze umbonyeze kifuani mara 5 kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka mmoja mwinamishe, umpige mgongoni mara 5, kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na uvute ndani na juu mara 5. Rudia hivyo huku mwingine akitafuta usafiri. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona.

TUTEMBEE KWA MAGOTI

Leo baada ya Isha, baba na mama, pigeni magoti mzunguke nyumba yenu kwa kimo cha mtoto. Mtaona msivyoviona mkisimama. Mtaona mpini wa sufuria uliotokeza nje ya jiko, pindo la kitambaa cha meza, chupa ya chai ukingoni mwa stuli, na vidonge vya bibi chini ya mto. Na mtaona ndoo ya maji ya udhu na ya chooni ikiwa wazi. Maji ya kimo cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha mtoto aliyeingia kichwa kwanza, kwani kichwa chake ni kizito na hana nguvu za kujinyanyua. Ndoo iwe na mfuniko, na beseni likishatumika limwagwe.

Saa moja kabla ya futari, mtu mzima mmoja au kaka mkubwa apewe kazi ya kumshika mtoto, na asipewe nyingine. Akina baba, kazi hii inatufaa sana sisi.

LAWAMA ZISUBIRI

La mwisho ni hili. Nimewahi kupokea mtoto aliyekuwa akihema kwa shida tangu mchana. Jioni ndipo kaka yake wa miaka 7 aliposema kwamba alimwona akinywa mafuta ya taa. Kwa nini hakusema mapema? Aliogopa fimbo. Mama naye wakati mwingine huchelewa kuleta mtoto kwa kuogopa mumewe atasema nini. Na wapo wanaopoteza saa nzima wakitafuta ni jicho la nani. Nyumba ambayo ajali huleta kipigo na talaka ni nyumba ambayo ajali hufichwa, na mtoto ndiye anayelipa.

Sote ni wachunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi tukubaliane majumbani mwetu: anayesema ukweli haraka hapigwi. Mtoto atibiwe kwanza, mengine yazungumzwe akishalala.

Na ukisikia ukelele wa jikoni ukiwa unatawadha, usiweke kopo chini. Kimbia nalo.

Allah (s.w) atuhifadhie watoto wetu na atujaalie kuwa wachunga wema. Wabillahi tawfiq.